Kwa nini madini Lubumbashi, ualimu Kisangani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Leta yakisha kutoka, wazazi wa Tenke wanaulizana mtoto aende chuo kikuu gani. Wengi wanajibu kwa jina tu: Kinshasa ni nguvu kwa uganga, Lubumbashi kwa madini, Kisangani kwa ualimu. Hawakosei sana. Lakini nguvu hizo ziligawanywa kwa amri, mwaka wa 1971.

Mbele ya hapo inchi ilikuwa na vyuo vikuu vitatu, kila kimoja na wenyewe. Lovanium ya Wakatoliki, kule Kinshasa, ilifunguliwa 1954. Kile cha Serikali, Lubumbashi, 1956. Kile cha Waprotestanti, Kisangani, 1963. Wanafunzi wakaanza kumsumbua Mobutu. Juni 1969 askari waliwapiga risasi waandamanaji Kinshasa. Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa lazima. Agosti ya mwaka ule vyuo vitatu vikafanywa kimoja, UNAZA, chenye kampasi tatu.

Fakilte zikahamishwa kama mizigo. Sheria na uganga, Kinshasa. Ualimu na saikolojia, Kisangani. Lubumbashi ikashika jiolojia, migodi na uganga wa mifugo, tena ikapokea lugha, historia na sayansi ya jamii. Jiolojia inaeleweka, shaba iko chini ya miguu yetu. Lakini lugha? Zililetwa kwa amri, na walimu wake wakazifuata. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha Lovanium, kisha akaja Lubumbashi, na kwa miaka ile watu wa mbali walitazama Lubumbashi kwa mambo ya lugha na historia ya Afrika. Amri ilikuwa ya siasa, ila hapo ilizaa.

Gharama ililipwa na familia. Mtoto wa Katanga aliyetaka kuwa muganga alipaswa kuvuka inchi nzima. UNAZA ilivunjwa 1981, kila kampasi ikawa tena chuo kikuu, na leo uganga na sheria viko Lubumbashi pia. Lakini fakilte iliyoondolewa hairudi na walimu wake wote, wala na vitabu vyake.

Kisha ikaja 1992 na 1993. Familia za Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stasioni zikingojea treni. Treni hizo zilipita hapa Tenke, njia ya Kamina. Ndani mlikuwa vijana walioacha masomo katikati. Waliofika Mbuji-Mayi walikuta chuo kikuu kilichoanzishwa 1990, kisicho cha Serikali. Kuingia humo kulidai pesa, na wazazi walikuwa wameacha kazi na nyumba nyuma.

Chuo kikuu cha Kolwezi nacho kilianza kama tawi la Lubumbashi. Bado ni kichanga mbele ya mama yake, lakini mtoto wa Tenke anakifikia kwa gari siku ile ile.