Jina na Tiba: Habari za Uvimbe wa Ubongo tangu Mwaka wa 1926

Tabibu hutibu kile alichokwisha kukipa jina. Jina likikosewa, tiba nayo hupotea njia. Habari za uvimbe wa ubongo uitwao glioma zathibitisha jambo hili, na pia zaonyesha mpaka wake.

Katika mwaka wa 1926 Percival Bailey na Harvey Cushing, mabingwa wa Marekani, walitoa kitabu kilichopanga aina za uvimbe huo kwa sura ya chembe zake katika hadubini. Mpango huo ukawa msingi wa elimu hii kwa miaka mingi. Walakini ulikuwa na upungufu: wagonjwa wawili wenye uvimbe wa sura moja waweza kuachana sana, mmoja akaishi miaka, mwenziwe akafa baada ya miezi.

Sababu mojawapo ilidhihirika mwaka wa 2005. Roger Stupp na wenzake walitangaza habari za wagonjwa wazima 573 wa glioblastoma, iliyo kali kupita glioma nyingine. Nusu ya waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi waliishi kupita miezi 14.6, kwa mionzi peke yake, miezi 12.1. Nyongeza hiyo ni ndogo. Lakini Monika Hegi alipochungua jeni iitwayo MGMT, ambayo hurekebisha madhara yafanywayo na dawa ndani ya chembe, aliona ya kuwa faida iliwaangukia hasa wale ambao jeni hiyo ilikuwa imezimwa katika uvimbe wao.

Mwaka wa 2008 ikagunduliwa hitilafu ya jeni IDH1 katika glioblastoma. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani likaziingiza alama za jeni katika majina yenyewe, na mwaka wa 2021 jina la glioblastoma likaachiwa uvimbe usio na hitilafu ya IDH.

Ndipo dawa zikaanza kufuata majina. Marekani iliruhusu vorasidenibu mwaka wa 2024, kwa glioma isiyo kali yenye hitilafu ya IDH. Na mwaka wa 2025 dordaviproni, kwa uvimbe wa katikati ya ubongo wenye hitilafu ya H3 K27M uliozidi baada ya matibabu. Katika wagonjwa 50 waliochunguzwa, uvimbe ulipungua kwa 11.

Ama glioblastoma, ijapokuwa jina lake limehakikiwa kuliko zamani, mgonjwa wake bado huanziwa kwa upasuaji, mionzi, na dawa ile ile ya mwaka wa 2005.