Maumivu ya Wazee

Mtu akimwamkia mzee na kumwuliza hali yake, mara nyingi hujibiwa, "Sijambo, ila uzee tu." Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na jibu hilo kwa miaka mingi. Aliinuka kitini kwa kushika ukuta, akalala kwa ubavu mmoja usiku kucha, na kila tulipomwuliza alisema ni uzee tu. Sisi wajukuu tuliridhika. Hata zahanati tulikompeleka waliridhika. Walimpa vidonge vichache katika karatasi, wakamwambia kwamba umri umekwenda.

Jibu hilo lina historia ndefu, nayo si ya wazee peke yao bali ya matabibu pia. Dawa ya kutuliza maumivu ilikuwako karne nyingi kabla ya watu kujifunza kuwapa wazee ipasavyo.

Dawa yenyewe ni ya kale sana. Hutoka katika utomvu wa tunda la mpopi, na kwa Kiswahili huitwa afyuni au kasumba. Wanafunzi wa leo hulijua neno kasumba kwa maana ya fikira mbovu zilizopandikizwa kichwani mwa mtu, lakini asili yake ni ulevi huo huo. Katika karne ya 17 tabibu mmoja Mwingereza, Thomas Sydenham, aliisifu afyuni iliyotiwa katika mvinyo kuliko dawa nyingine zote alizozijua. Mwenyewe aliugua jongo miaka mingi, na mwaka 1683 alichapisha kitabu juu yake. Alieleza humo jinsi mguu wa mgonjwa usivyoweza kustahimili hata uzito wa shuka, wala mtikisiko wa mtu apitaye chumbani. Sijui tabibu mzima wa mwili angeyaandikaje hayo.

Lakini afyuni ilikuwa na hila. Kipande kimoja kilikuwa kikali na kingine dhaifu, na aliyepewa zaidi ya kipimo aliweza kulala asiamke. Mnamo 1805 kijana Mjerumani, Friedrich Sertürner, msaidizi katika duka la dawa mjini Paderborn, alifaulu kuitenga nguvu ya afyuni ikawa unga safi. Aliuita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani, na ndiyo mofini tuijuayo. Tangu hapo iliwezekana kupima. Katika miaka ya 1850 ikaja sindano, na pamoja na sindano ukaenea uraibu, hata serikali zikaanza kuibana dawa kwa sheria. Marekani ilitunga ya kwake 1914. Mkataba wa mataifa wa 1961 juu ya dawa za kulevya ulikiri wazi kwamba dawa hizo hazina budi kupatikana kwa ajili ya kutuliza maumivu. Lakini maofisa wengi waliukumbuka upande wa kukataza wakausahau upande wa kuruhusu.

Sasa tazama jinsi mofini ilivyotolewa katika hospitali nyingi za Ulaya katikati ya karne ya 20. Mgonjwa mwenye saratani alichomwa sindano maumivu yalipokuwa yamekwisha kumshika. Nguvu ya dawa ilipoisha alingoja, maumivu yakarudi, akaita, akangoja tena. Mwenye sauti alipata. Mzee mwenye haya, aliyelelewa kuvumilia na kutosumbua watu, alinyamaza. Na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni nafuu.

Aliyeuvunja mtindo huo alikuwa mwanamke, Cicely Saunders, aliyezaliwa Uingereza 1918. Alianza kwa uuguzi, lakini mgongo wake ulimwuma hata akashindwa kuinua wagonjwa, ikambidi kushika kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Tangu 1948 alikwenda kujitolea katika nyumba moja ya wagonjwa mahututi mjini London, St Luke's, akaona jambo lililomshangaza. Wauguzi wa pale waliwanywesha wagonjwa mofini kila baada ya saa chache, kwa kufuata saa ya ukutani, kabla maumivu hayajarudi. Wagonjwa walikuwa macho, wakizungumza.

Alipotaka kulieneza jambo hilo, daktari mmoja alimshauri asome udaktari kwanza, kwa kuwa madaktari hawatamsikiliza asiye daktari. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Alisoma, akafuzu 1957, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika St Joseph's Hospice. Huko aliandika habari za mgonjwa mmoja mmoja, wagonjwa kwa mamia, na wengine akawarekodi sauti zao. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba dawa ikitolewa kwa saa na kwa kipimo cha haki, mgonjwa haombi zaidi na zaidi bila mwisho, na uraibu uliohofiwa hauwi tatizo kubwa kwake. Zilionyesha pia kwamba maumivu ya mtu si ya mwili pekee. Hofu, upweke, deni lisilolipwa na ugomvi na mtoto huyazidisha. Mwaka 1967 alifungua hospisi yake, St Christopher's, kusini mwa London. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani: dawa inywewe kwa kinywa, kwa saa, na kwa ngazi, kuanzia dawa nyepesi hata mofini.

Je, wazee waliongoka? Si sana. Mwaka 1998 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa wagonjwa wa saratani zaidi ya 13,000, wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Takriban 4,000 waliumwa kila siku. Katika hao, mmoja katika kila wanne hakupewa dawa yoyote ya maumivu, wala kidonge cha aspirini. Waliozidi miaka 85 walikuwa katika hatari zaidi ya kukosa, na kadhalika wale waliopungukiwa akili na kumbukumbu. Haya yalitokea katika nchi yenye maduka ya dawa kila pembe, basi tusiseme kwamba umaskini ndio sababu ya kila kitu.

Kweli mwili wa mzee wataka hadhari. Figo zake hutoa dawa polepole, hivyo kipimo huanza kidogo na kuongezwa kwa utaratibu. Dawa nyingine za viungo humdhuru tumbo na figo. Tena si kila maumivu ya mzee yataka mofini. Goti lililolika husaidiwa na mazoezi, joto, mkongojo mzuri, na vidonge vya kawaida. Kwa wale wasioweza tena kusema, mwaka 2003 watafiti walitoa kipimo ambacho muuguzi hutazama pumzi, sauti, uso na mwili, na kama mgonjwa anatulizika, kisha hutia alama.

Kwetu Afrika Mashariki habari hizi zilifika baadaye, ila zilifika kwa kishindo. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa 1990. Daktari Anne Merriman, aliyezaliwa Liverpool, alifanya kazi hapo kwa muda, kisha 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Dawa yake ilikuwa rahisi: unga wa mofini, maji, kitu cha kuzuia kuoza, na rangi ili chupa kali isidhaniwe kuwa ni nyepesi. Mgonjwa aliinywea nyumbani, kitandani pake. Na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache, Uganda ilirekebisha sheria zake 2004, wauguzi waliofunzwa kazi hiyo wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe.

Nyanya yangu hakuwa na saratani, wala hakuhitaji mofini. Siku moja alikuja nyumbani muuguzi kijana, akaketi kwenye kigoda karibu naye. Alipoambiwa ni uzee tu, aliitikia kwa heshima, kisha akauliza, "Haya, nyanya, huo uzee unauma wapi? Na unakuzuia kufanya nini?" Nyanya alimtazama kwa muda. Halafu akaanza kwa goti la kushoto, tangu mvua za El Nino za 1997, na chai ikapoa kabla hajafika mgongoni.