Manemane, mukungugu na historia inayong'olewa Thika na Ruiru

Krismasi iliyopita, tulipotoka kanisani, mjukuu wangu aliniuliza: "Guka, dhahabu naijua, uvumba nimeuona ukichomwa. Sasa hii manemane ni nini?" Nilimpeleka nyuma ya nyumba hapa Ruiru, nikamwonyesha mti mmoja uliobanwa na ukuta wa mawe. Nikamwambia, "Manemane yenyewe haiko hapa, lakini huu ni binamu yake."

Mti huo kwa Kikuyu unaitwa mukungugu. Wanabotania wanauita Commiphora eminii. Neno Commiphora lina asili ya Kigiriki na maana yake ni "mbeba utomvu". Manemane halisi hutoka kwa Commiphora myrrha, kichaka chenye miiba kinachomea Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Gamba lake likichanjwa, utomvu hutoka na kukauka ukawa vidonge vyekundu-kahawia. Ladha yake ni chungu, na ndiyo sababu Waarabu huuita murr, yaani "chungu". Watu wameutumia kusafishia vidonda na vinywa, kufukizia na kuhifadhia maiti.

Ukoo huu unajua kuishi na kiu. Jua likizidi, mingi hupukutisha majani na kutegemea maji yaliyohifadhiwa shinani. Michongo ya hekalu la Malkia Hatshepsut wa Misri, ya karne ya 15 kabla ya Kristo, inaonyesha watu wakibeba miti ya manukato kutoka nchi ya Punt ikiwa hai, mizizi imo vikapuni. Wakulima wa Murang'a na Kiambu hawakuhitaji vikapu. Walikata tawi nene la mukungugu, wakalichomeka ardhini, likachipua.

Mti huu ulikuwa na kazi gani, basi? Kwanza, ua wa boma. Nguzo kavu huliwa na mchwa, lakini nguzo hai hujitengeneza upya. Majani yake ni lishe ya mbuzi. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kubeba kiazi kikuu, kile Wakikuyu wanachokiita gikwa. Mmea huo hutambaa, na mukungugu ndio uliokuwa ngazi yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, anaeleza kwamba kupanda viazi vikuu na kuvitafutia miti ya kuvishikilia ilikuwa kazi ya wanaume. Nakumbuka marehemu baba kule Gatanga, juu ya Thika, akipitia miti yake mmoja mmoja asubuhi, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi.

Ajabu ni kwamba ulimwengu unaijua Thika kwa mti mwingine. Elspeth Huxley alichapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, na jina la kitabu hicho linatokana na miti ya maua mekundu iliyopandwa na walowezi. Reli ya kutoka Nairobi ilikuwa imefika Thika 1913, mashamba ya kahawa na mkonge yakatanda. Ruiru nayo ikitajwa, watu wa kilimo hukumbuka kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985. Mukungugu haumo katika jina la kitabu wala la mbegu.

Siwalaumu walowezi peke yao. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1954, watu wa Mkoa wa Kati walihamishiwa vijijini kwa nguvu, kisha vipande vya mashamba vikaunganishwa na kupimwa upya. Mipaka ya zamani, iliyotambulika kwa mimea na kwa kumbukumbu za wazee, ikageuka mistari kwenye ramani. Leo ni sisi wenyewe tunaong'oa. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kuzinduliwa 2012, ploti zimegawanywa hadi zikawa za futi hamsini kwa mia moja. Ua hai unakula nafasi, ati, kwa hiyo tunajenga ukuta.

Nami nilijenga. Fundi alipouliza kama akate mti ule wa mwisho, nilisita, nikamwambia aupitishie ukuta kando. Sikuwa na sababu ya kisayansi. Niliogopa tu kwamba ukiondoka, neno lake pia litaondoka nyumbani kwangu. Wanafunzi wangu wanaweza kueleza kwamba "ubani" umetokana na luban ya Kiarabu, lakini wengi hawawezi kutaja miti mitano ya kijijini kwao kwa lugha yoyote ile. Neno la mti huishi midomoni mwa watu wanaoutumia. Kamusi hulihifadhi tu baadaye.

Mjukuu wangu alivunja kijani kimoja, akakinusa. Akauliza kama tunaweza kukata tawi akapande shuleni kwao Thika. Tulilikata. Mvua za Machi zilipoanza alilichomeka karibu na mfereji wa maji, na juzi kaniambia kwamba limetoa majani manne.