Vyanzo vya wajibu

Wajibu, katika sheria ya madai, ni uhusiano wa kisheria unaompa mdai haki ya kumtaka mdaiwa atoe kitu, atende jambo au aache kulitenda. Mgawanyo wa vyanzo vyake ulianzia Roma: Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, alitaja mkataba na kosa, kisha kitabu cha sheria cha Kaizari Justinian, Institutiones, mwaka 533, kikaongeza yanayofanana na mkataba na yanayofanana na kosa. Kanuni ya Madai ya Ufaransa ya 1804 ilirithi mpango huo. Tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 1100 kinataja matendo ya kisheria, matukio ya kisheria na sheria yenyewe.

Mkataba huzaliwa kwa ridhaa. Kinachohitaji maelezo zaidi ni wajibu unaozaliwa bila makubaliano: anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake hulipa fidia, aliyelipwa fedha asizostahili huzirudisha, jirani aliyeziba paa lililong'olewa na upepo, mwenye nyumba akiwa safarini, hurudishiwa gharama za lazima alizotumia. Nchini Kongo, kanuni hizi ziliingia kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo kifungu chake cha 258 ndicho msingi wa madai ya fidia mahakamani.