Mapigo Mawili: Injini Iliyopendwa na Wakulima

Injini yoyote ya pistoni ina kazi nne zisizoepukika: kuvuta hewa, kuibana, kuyachoma mafuta ndani yake, kisha kuutoa moshi. Injini iliyozoeleka huzigawa kazi hizo katika mapigo manne, pistoni ikipanda mara mbili na kushuka mara mbili, na katika miendo hiyo minne ni mmoja tu uzaao nguvu. Ya mapigo mawili haina subira hiyo. Kila inaposhuka, pistoni yake inasukumwa na moto. Moshi hutoka na hewa mpya huingia kwa pupa, takriban kwa wakati mmoja, pistoni ikiwa chini. Mwenye sikio lililozoea mizani atafahamu mara moja kwa nini sauti ya injini hizi haifanani na ya nyengine: hakuna mshuko ulio kimya.

Aghlabu injini za namna hii hukumbukwa kwa sababu ya Wamarekani, lakini historia yake shambani haianzi kwao, wala haianzi kwenye neema. Simulizi hii tuianzie Ujerumani iliyoshindwa vita. Mwaka 1921, katika maonyesho ya kilimo ya Leipzig, kiwanda cha Heinrich Lanz cha Mannheim, kilichokwishajijengea jina kwa mashine za mvuke na za kupura nafaka, kilileta trekta dogo lililosanifiwa na mhandisi Fritz Huber. Lilikuwa na silinda moja tu, iliyolala, yenye ujazo wa zaidi ya lita 6, na nguvu zake zilikuwa za farasi 12. Uso wake uliofura mbele uliwakumbusha watu mbwa wa aina ya buldogi, likaitwa Bulldog.

Kwa kauli ya mafundi, hii haikuwa dizeli kamili. Rudolf Diesel, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892, alitaka hewa ibanwe hata joto lake lenyewe liyawashe mafuta. Bulldog haikubana kiasi hicho. Ilikuwa na kichwa cha chuma kilichopaswa kuwa chekundu kwa moto kabla ya kazi, na mafuta yakirushwa humo yakawaka. Wenye kushika usahihi huiita nusu dizeli, na wako katika haki. Lakini mkulima hakununua jina. Alichonunua ni uwezo wa kuunguza karibu kila kitu chenye asili ya mafuta: mafuta mazito yasiyosafishwa, mafuta ya mimea, hata oili chafu iliyokwisha kutumika. Katika nchi ambayo petroli ilikuwa ghali na fedha yake ikiyeyuka mkononi, fadhila hiyo ilizidi kasoro zote.

Na kasoro hazikuwa chache. Asubuhi mkulima alikipasha moto kichwa cha injini kwa taa ya kupiga pampu, mithili ya stovu zilizokuwa zikivuma majikoni mwetu, akasubiri dakika kadhaa. Kisha, katika aina nyingi za Bulldog, aliuchomoa usukani pamoja na fimbo yake, akautia ubavuni kwenye gurudumu zito la injini, akalitikisa huku na huku mpaka moto ushike. Hapo ilimpasa autoe usukani upesi. Asiye mwepesi aliuhatarisha mkono wake. Zaidi ya hayo, injini hii haikujali inazunguka upande gani. Trekta la mwanzo halikuwa hata na gia ya kurudi nyuma: dereva aliipunguza kasi injini mpaka ikakaribia kufa, akaipa mafuta kwa wakati wake barabara, ikageuza mzunguko, na trekta likarudi kinyumenyume. Kazi hiyo ilitaka sikio kuliko jicho.

Ukubwa wa silinda uliongezeka hata kupita lita 10, ingali moja, na trekta likiachwa liunguruma polepole lilirukaruka mahali pake kama mbuzi aliyefungwa. Yalitengenezwa zaidi ya laki mbili. Poland ilianza kutengeneza nakala yake, Ursus C-45, mwaka 1947. Argentina ikatoa yake, iliyoitwa Pampa. Kusini mwa Ujerumani jina la Bulldog likageuka kuwa neno la kawaida la trekta lolote lile, vivyo hivyo kama Kiswahili kilivyolichukua jina la kampuni ya Kimarekani kikatupa "katapila". Lugha huwa na njia yake ya kutoa shahada.

Waingereza walikuwa na Field Marshall ya Gainsborough, iliyouzwa tangu mwaka 1945 hadi miaka ya 50: silinda moja, lita 5 hivi, nguvu za farasi 40, nayo dizeli kamili. Iliwashwa kwa karatasi yenye kufukuta iliyotiwa kichwani mwa silinda, ama kwa fataki ya baruti iliyogongwa kwa nyundo. Wapura nafaka waliipenda.

Marekani ilishika njia nyengine kabisa. Mwaka 1938 kampuni ya General Motors ilitoa injini za dizeli za mapigo mawili zilizoitwa mfululizo wa 71, kwa kuwa kila silinda ilikuwa na inchi 71 za ujazo, yaani lita 1.16. Hapa hapakuwa na kichwa chekundu wala usukani wa kuchomoa. Feni ya rota mbili ilisukuma hewa ndani ya silinda kupitia matundu ya ubavuni, na moshi ukatokea juu kwenye valvu. Hekima yake kubwa ilikuwa katika vipuri: pistoni ya injini ya silinda mbili ndiyo pistoni ya injini ya silinda sita, na nozeli kadhalika. Vita vya Pili vikazitawanya duniani. Ya silinda sita iliendesha boti za kuteremshia askari ufukweni, na mbilimbili zikatiwa katika baadhi ya vifaru vya Sherman. Amani iliporudi, vipuri vilikuwa tele na mafundi waliozijua walikuwa wengi.

Kampuni ya Oliver iliitia ya silinda tatu katika trekta lake la Super 99 mwaka 1955. Miaka michache baadaye, katika majira ya baridi ya 1957 na 1958, jamaa wa Steiger, baba na wana wawili, walijitengenezea zizini mwao Minnesota trekta kubwa la magurudumu manne yenye kuvuta, kwa injini ya silinda sita ya mfululizo huo huo. Lililima zaidi ya saa 10,000, na hatimaye likawekwa katika makumbusho ya Bonanzaville, North Dakota.

Mafundi walisema kwa mzaha kwamba injini hii isipovuja oili, basi oili imekwisha. Nyengine haikuwa mzaha. Ikiharibika vibaya iliweza kuila oili yake yenyewe na kukimbia bila kusikia amri, ndiyo maana ikawekewa kifuniko cha kuinyima hewa. Mlio wake mkali, juu ya trekta lisilo na kibanda, uliwala wakulima masikio kidogokidogo, na hasara hiyo haikuandikwa katika daftari la shamba.

Iliyoishinda ni hesabu ya mafuta na sheria za moshi. Injini za mapigo manne zenye turbo zilitumia mafuta kidogo na kutoa moshi mdogo, na mwaka 1987 Detroit Diesel, warithi wa mfululizo wa 71, wenyewe walitoa ya mapigo manne yenye kuongozwa kwa elektroniki. Mapigo mawili yamebaki baharini: meli kubwa za makontena zinazotia nanga Mombasa aghlabu huendeshwa na dizeli za aina hiyo, za mwendo wa taratibu.

Ama kiwanda cha Mannheim, mwaka 1956 kiliingia mikononi mwa John Deere, na Bulldog ya mwisho ikatoka mwaka 1960. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyolalamikiwa na wakulima wa Marekani kwamba matrekta yake mapya hayatengenezeki bila ya programu za wakala. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza chombo chake mwenyewe, na Januari 2025 serikali kuu ya Marekani ikaishtaki kampuni hiyo mahakamani kwa jambo hilo hilo.