Komiki ya Mjomba Ilivyopata Alama 4.5

Kasha lilifika Januari ndani ya begi la binamu yangu, limeviringishwa kwa fulana mbili. Kona moja ya plastiki ilikuwa imepasuka. Ndani mlikuwa na komiki ya marehemu mjomba wangu, X-Men nambari 102, ya Desemba 1976, na juu yake kibandiko chenye nambari: 4.5. Nilikaa kitandani nikaitazama ile nambari vile nilivyowahi kutazama matokeo ya mtihani wa kitaifa. Mtu nisiyemjua alikuwa ameketi mahali nisipopajua, amenipima, na hapakuwa na pa kukatia rufaa.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Mjomba alikuwa karani wa posta. Komiki hiyo aliinunua miaka ya themanini kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara hapa Nairobi, wale tunaowaita inama kwa sababu usipoinama huoni kitu. Alipofariki, katoni ya vitabu vyake ililetwa kwetu ikasukumwa chini ya kitanda changu. Wakati huo nilikuwa nimekatiza chuo nikiwa mwaka wa tatu. Deni la karo lilikuwa limebaki, na bila kulilipa sipati hata karatasi ya kuonyesha kwamba hiyo miaka miwili ya kwanza niliimaliza. Usiku mmoja nikaona mtandaoni nakala ya X-Men 102 yenye alama 9.8 ikiuzwa kwa pesa ambazo zingemaliza lile deni na chenji ibaki. Nikapiga hesabu ya mtu mwenye njaa.

Sikuichagua komiki hii kwa bahati nasibu. Ndiyo inayosimulia asili ya Storm, yule mwanamke anayetawala upepo na mvua. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men nambari 1, iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, na Profesa Xavier alimkuta hapa Kenya, watu wakimwabudu. Nambari 102, ya Chris Claremont na Cockrum, inaeleza kwamba mamake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, babake mpiga picha Mmarekani. Vita vya Suez vya 1956 viliwakuta Cairo. Nyumba ikawaangukia, wazazi wakafa, na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi. Tangu siku hiyo Storm haogopi radi wala adui. Anaogopa kufungiwa mahali padogo.

Sasa, komiki ilifikaje mahali pa kupewa alama kama mtoto wa shule?

Mwanzoni hakuna aliyezithamini. Action Comics nambari 1, iliyomleta Superman mwaka 1938, iliuzwa senti 10. Watoto walisoma, wakakunja, wakaweka mfuko wa nyuma, wakabadilishana. Karatasi ilikuwa ile ya bei rahisi kama ya gazeti, yenye asidi inayoigeuza njano kisha kuifanya ivunjike kama mkate mkavu. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Wamarekani wakahimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na komiki nyingi zikaenda na maji. Nakala zinazogombaniwa leo ni zile chache ambazo mama wa mtu alisahau kuzitupa.

Mwaka 1970 Robert Overstreet alichapisha kitabu cha bei za komiki. Kuanzia hapo mtu angeweza kufungua ukurasa na kuona hali fulani ni dola ngapi. Mwaka 1977 Chuck Rozanski, mwenye duka la Mile High Comics huko Colorado, akanunua maelfu ya komiki za Edgar Church. Zilikuwa zimepangwa kwa mirundo mirefu katika nyumba yenye hewa kavu, na karatasi zake zilibaki nyeupe kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Wakusanyaji wakaona kwa macho kwamba usafi wa aina hiyo unawezekana. Baada ya hapo kila mkunjo mdogo ukawa kosa.

Kisha pesa ikaingia vibaya. Mwaka 1991 toleo jipya la X-Men nambari 1 liliuzwa zaidi ya nakala milioni 8, likiwa na majalada tofauti ili mtu mmoja anunue tano. Novemba 1992 komiki ya kifo cha Superman ilitoka ndani ya mfuko mweusi uliofungwa, na wengi hawakuufungua kamwe. Wote walidhani wananunua karo ya watoto wao. Lakini kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuadimika. Soko likaporomoka, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Ni katika vumbi hilo ambapo CGC ilianza kazi mwaka 2000, chini ya watu waliokuwa tayari wanatoa gredi za sarafu. Nitasema haki hapa, kwa sababu ni rahisi kuwatukana. Kabla yao, muuzaji mwenyewe ndiye aliyeipa komiki yake daraja. Angekwambia ni safi kabisa, wewe ulipe, ifike ikiwa imepakwa rangi kwenye ufa na kona zimekatwa zinyooke. Mtu wa tatu asiye na hisa katika biashara alihitajika. CGC wakaleta ngazi ya hatua 25, kutoka 0.5 hadi 10. Kibandiko cha buluu kikawa cha komiki ya kawaida, cha zambarau cha iliyokarabatiwa, cha njano cha iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi wao. Halafu komiki inafungiwa katika kasha la plastiki gumu. Ukilifungua, alama imekufa.

Angalia jinsi hiyo ngazi ilivyojengwa. Chini inapanda nusu kwa nusu: 4.0, 4.5, 5.0. Ikifika juu inasagika: 9.0, 9.2, 9.4, 9.6, 9.8, 9.9, 10. Pesa yote imelala huko juu, mahali ambapo tofauti ni alama ya ukucha unayoiona tu ukiinamisha komiki chini ya taa. Kati ya 9.6 na 9.8 bei inaweza kuruka mara mbili, na anayeamua ni binadamu. Wakusanyaji wamekuwa wakivunja makasha na kutuma komiki ileile tena, na kuna zinazorudi na alama nyingine. Ingekuwa mizani ya duka la nyama, tungeita watu wa vipimo.

Ndipo pasi ikapata kazi. Nasema pasi kwa maana ni pasi kweli: komiki inapewa unyevu kidogo, inawekwa kati ya karatasi safi, inabanwa kwa mashine yenye joto, inaachwa ipoe. Mawimbi na mikunjo midogo inatoweka. Mkunjo uliovunja rangi hautoki, hata ubane mpaka asubuhi. Fundi mbaya anaweza kuacha kurasa zimevimba au karatasi imechanika kwenye pini. Kwa miaka watu waligombana kama hiyo ni ukarabati au la, kwa sababu jibu ndilo linaloamua kibandiko cha buluu au cha zambarau. CGC walishika msimamo kwamba si ukarabati. Kisha mwaka 2012 kampuni mama yao ikainunua Classics Incorporated, iliyokuwa mashuhuri kwa kupiga pasi. Sasa nyumba moja inanyoosha komiki na nyumba hiyohiyo inaipa alama kwa kunyooka. Huhitaji kumshuku mtu yeyote kwa wizi ili uone tatizo. Mwalimu anayeuza tuisheni na kusahihisha mtihani tunamjua.

Mwaka 2014 CBCS ilianzishwa kushindana nao, na mwanzilishi wake, Steve Borock, alikuwa ametoka CGC kwenyewe. Kasha nalo halikuwa mwisho wa udanganyifu. Mwishoni mwa 2023 ilifichuka kwamba kuna makasha ya CGC yaliyouzwa mtandaoni yakiwa na komiki zilizobadilishwa, nakala duni ikiwa chini ya alama ya nakala bora, na kampuni ikalazimika kwenda mahakamani. Bei hazikutetemeka. Aprili 2024, Action Comics nambari 1 yenye alama 8.5 iliuzwa dola milioni 6. Ile senti 10.

Basi na mimi nikaingia kwenye hiyo foleni. Binamu yangu anayeishi Texas alikuja nyumbani Desemba, akarudi na komiki, akaituma kwa moja ya kampuni hizi. Siitaji. Gredi, pasi, posta na bima vilikula karibu shilingi 14,000, ambayo ni kodi ya nyumba yangu na zaidi. Ilikaa huko miezi. Nilikuwa nikifungua simu kuangalia kama imetoka hatua moja kwenda nyingine, usiku, stima ikiwa imepotea. Hatimaye binamu akanipigia. "Bana, wameandika kuna kalamu ndani."

Nilijua ni kalamu gani. Upande wa ndani wa jalada, pembeni ya tangazo, mjomba alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: Ukimaliza kusoma, rudisha. Chini yake majina saba ya watoto wa mtaa, na alama ya vema mbele ya kila aliyerudisha. Alikuwa ameigeuza komiki moja kuwa maktaba. Mikunjo iliyobaki kwenye mgongo ni mikono ya hao watoto. Kalamu na mikono vikawekwa kwenye mizani, jibu likatoka 4.5, na kwa haki ya sheria zao hawakukosea. Bei ya alama hiyo haifiki hata kile nilicholipa kuitafuta. Ile kona iliyopasuka, nikitaka kasha jipya, nitume tena na nilipe tena.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua wiki iliyofuata, Mama alipokuja kunitembelea. Alilishika kasha, akaligeuza, akabisha kwa kidole kama anayepiga hodi.

"Unafungua wapi?"

"Haifunguliwi, Mama. Ukifungua, ile alama inapotea."

"Na unasoma vipi?"

"Husomi."

Akanyamaza. Kisha akauliza kama ile orodha ya kaka yake bado iko. Nikamwambia iko, upande wa ndani. Akasema jina lake ni la tano, na ndilo pekee lisilo na vema. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, akaificha komiki chini ya godoro mwezi mzima kwa sababu ya yule msichana wa kifusi. Mjomba hakumgombeza, alikuja tu akaichukua mwenyewe. Alipomuomba amtilie vema, akamwambia, "Wewe hukurudisha. Nilikuja kuchukua."

Hiyo hadithi sikuwahi kuisikia, na ilikuwa chini ya kitanda changu muda wote.

Sina neno na anayenunua 9.8 kwa pesa zake. Karatasi hizi zinakufa, na bila plastiki nyingi hazitafika karne ijayo. Lakini ngazi ile ya hatua 25 inapima jambo moja tu: ni kiasi gani komiki haijaguswa. Kwa kipimo hicho, komiki kamili ni ile ambayo haikusomwa na mtu. Yetu ilisomwa na saba, wanane ukinihesabu.

Deni la chuo bado lipo. Nitalilipa kwa makala, polepole, au sitalilipa. Jioni hiyo Mama aliingia jikoni, akapekua droo, akarudi na bisibisi. Alinipa bila kusema kitu. Nikaiingiza kwenye ile kona iliyopasuka, maana tayari ilikuwa imeanza kazi.