Utamaduni na Fikra za Mwalimu Mtarajiwa

Mwalimu mtarajiwa haingii chuoni na kichwa kitupu. Huingia akiwa na sura ya mwalimu aliyokwisha kuchorewa na jamii yake. Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba fikra zake juu ya kazi hiyo huanzia katika mihtasari ya masomo.

Kabla ya ukoloni, sehemu nyingi za nchi yetu zilimjua mfunzi kuwa mtu wa pale pale kijijini. Kungwi na manyakanga waliwafunda vijana, kisha wakarudi shambani kama wenzao. Ufunzi haukuwa ngazi ya kuwapanda wengine. (Tusiutukuze mno utaratibu huo, ulifundisha pia utii usiohojiwa, hasa kwa wanawake.)

Wajerumani, walipofungua shule ya serikali huko Tanga katika miaka ya 1890, walitaka makarani na maakida. Waingereza nao wakajenga shule ya Tabora, iliyoanza kwa kuwalenga watoto wa machifu. Mwalimu akawa mtu wa mshahara, na mzazi akaiona shule kuwa mlango wa mwanawe kulikimbia jembe. Kasumba hiyo ndiyo iliyoshambuliwa na Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya Azimio la Musoma, Novemba 1974. Ili watoto wote wapate shule ifikapo 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi darasani. Kwa mizani ya kale hawa walistahili heshima: walikaa na watu na kulima na watu. Lakini wanakijiji wenyewe waliwapima kwa mizani ya mkoloni, yaani cheti. Mpango ule uliitwa UPE. Watani wakasema ni "Ualimu Pasipo Elimu". Watu hao hao walimwita Rais wao "Mwalimu" kwa fahari, ingawa yeye aliacha kufundisha Pugu tangu 1955!

Ni kweli mafunzo yale yalikuwa mafupi, na TANU ilipaswa kuwaeleza wananchi jambo hilo waziwazi. Hata hivyo, kijana aliyekejeliwa na wazazi wa wanafunzi wake angejivunia nini? Baadhi waliuona ualimu kuwa kituo cha kungojea kazi nyingine. Wengine walibaki na chaki mkononi hadi kustaafu.